Jua linaua virusi, mbona mimi linanitoa malengelenge mdomoni?

"Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, nalima mwani pwani ya mashariki ya Unguja. Bamvua likiwa kubwa, maji yakipwa sana, nashinda majini siku tatu nne mfululizo. Nikishamaliza, mdomo wa chini unaanza kuwasha na kuchonyota, kesho yake vinatoka vilengelenge vidogo kama punje za mtama, vinapasuka, vinafanya gaga. Mwaka jana vimenitoka mara 5. Wifi yangu anasema ni homa inatoka mwilini, nimeze dawa ya malaria. Muuza dawa akaniambia ni hepesi, ugonjwa wa zinaa, na tangu mume wangu asikie neno hilo nyumbani hakukaliki. Mwanangu naye amesoma kwamba jua linaua virusi, na ameninunulia kitaa cha mwanga wa buluu eti nijimulike mdomoni. Sasa kama jua linaua virusi, mbona kwangu mimi ndilo linalovileta?"

Wa alaykum salaam, dada. Swali lako la mwisho ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa, na nitalirudia kwa kirefu. Lakini nyumba kwanza.

Ulichonacho, kwa jinsi ulivyokieleza, ni malengelenge ya mdomo. Kuwasha kwanza, vilengelenge vilivyokaa kishada, pahali pale pale kila mara, kisha gaga: hakuna magonjwa mengi yenye mwendo huo. Kirusi chake kinaitwa hepesi simpleksi, na kipo cha aina mbili. Aina ya kwanza ndiyo hasa ya mdomoni. Aina ya pili ndiyo hasa ya sehemu za siri, na hiyo huambukizwa kwa kujamiiana. Muuza dawa hakusema uongo alipotaja hepesi. Alikosea kuzichanganya mbili na kukurushia moja ya aibu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana kirusi cha aina ya kwanza, sawa na asilimia 64 ya watu wa umri huo. Huku kwetu Afrika wengi wetu tulikipata tukiwa watoto, kwa mate tu: shangazi aliyekubusu, bibi aliyekutafunia chakula. Wengi hawatoki kilengelenge hata kimoja maisha yao yote. Mumeo mwenyewe, ukimpima leo, uwezekano ni mkubwa kwamba anacho. Kwa hiyo malengelenge ya mdomo si ushahidi wa lolote lililofanyika nje ya ndoa, na sehemu hii ya barua unaweza kumsomea. Jambo moja tu nimalizie ili nisiwe nimeficha: kirusi hiki cha mdomoni kinaweza kuhamia sehemu za siri kama mdomo wenye vidonda utakutana nazo. Siku zile una vidonda, mdomo ukae mbali na watu, mume na watoto pia.

Wifi yako naye ameona kitu cha kweli akakisoma kinyume. Homa huamsha malengelenge haya, ndiyo maana wazee waliyaita vidonda vya homa: mtu anaumwa malaria au mafua makali, anaanza kupona, mdomo unapasuka, watu wanasema homa imepata njia ya kutokea. Homa haitokei mdomoni. Na wewe hata homa hujasema unayo. Ukihisi homa, nenda kapimwe kidole. Kumeza dawa ya malaria bila kipimo kwa sababu ya kidonda cha mdomo ni kujipa kazi isiyokuwepo.

Sasa jua.

Mwanao amesoma sawasawa. Jua linaua virusi. Ndani ya mwanga wa jua mna miale tusiyoiona inayoitwa urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye chupa za losheni. Wataalamu wameigawa mafungu matatu, A, B na C. Fungu C ndilo kali kuliko yote, na lote linaishia angani kwenye tabaka la ozoni, halitufikii. Fungu B linafika kwa kiasi kidogo, fungu A kwa wingi. Miale hii, hasa B na C, ikikipata kirusi inaingia kwenye maandishi yake ya urithi na kuzigandisha herufi mbili zilizo jirani zikawa kitu kimoja. Hebu fikiria kamba yako ya mwani, fundo mbili za taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, zimeshikana pamoja: hakuna cha kufungia tena pale. Kirusi kilichogandishwa hivyo pahali pengi hakiwezi kujinakili, na kirusi kisichojinakili hakina madhara.

Mfano uko hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya. Familia zilijaza maji ya kunywa kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga; kundi moja likaziweka juu ya paa juani, jingine likaziweka ndani ya nyumba. Waliokunywa maji yaliyoanikwa waliharisha kidogo kuliko wenzao. Na wakati wa korona, mwaka 2020, watafiti wa Marekani walitengeneza jua la bandia maabara, wakalielekeza kwenye mate ya kuiga yaliyokaushwa juu ya chuma. Kwa nguvu ya jua la mchana wa kiangazi, asilimia 90 ya virusi ilikufa kila baada ya dakika 7 hivi.

Lakini angalia vitu hivyo viko wapi. Maji yako kwenye chupa. Mate yako juu ya chuma. Kirusi kiko nje, uchi, hakina pa kujificha. Chako wewe hakiko hapo.

Siku ile ulipoambukizwa, pengine una miaka mitatu, kirusi kiliingia kwenye ngozi ya mdomo, kikashika ncha ya neva inayoleta hisia za uso, kikapanda nayo mpaka kwenye fundo la neva lililo ndani ya fuvu, usawa wa mbele ya sikio. Huko kikalala. Hakijinakili, hakidhuru, na kinga ya mwili inakilinda kama askari anavyolinda mahabusu. Jua halifiki huko. Miale ya fungu B, nyingi yake haivuki hata ngozi ya juu, seuze mfupa. Ndiyo maana unaweza kuota jua miaka 30 na kirusi chako kikawa salama salimini. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe haifuliki.

Jua linachofanya ni mambo mawili, yote kwenye ngozi yako.

La kwanza, linaiunguza. Hata usipoona wekundu, na sisi weusi mara nyingi hatuuoni, seli za ngozi ya mdomo zimeumia na zinapiga kelele kwa kemikali za uvimbe. Kelele hizo zinazifikia ncha za neva zilizo pale, na kule juu kwenye fundo kirusi kinapata ishara kwamba mambo yamebadilika. Kinaamka, kinajinakili, nakala zinashuka na neva ile ile mpaka mdomoni. Ndiyo sababu malengelenge hutoka pahali pale pale kila mara: njia ni moja.

La pili ni baya zaidi, na watu wachache wanalijua. Ngozi ina walinzi wake, seli zenye matawi kama pweza, zilizotandaa juu juu kukamata kila kigeni kinachoingia. Miale ya fungu B inazifukuza. Nyingine zinakufa, nyingine zinaondoka zamu, na ngozi yenyewe inaanza kutoa kemikali zinazoituliza kinga badala ya kuichochea. Huenda mwili unafanya hivyo kwa hekima, usije ukaishambulia ngozi yake yenyewe iliyoungua. Lakini kwa siku kadhaa lindo liko tupu, na siku hizo hizo ndizo kirusi kinashuka. Ndipo unapokuja kuona vilengelenge siku mbili, tatu, hata wiki baada ya jua lenyewe, wakati umeshasahau kwamba ulikuwa majini.

Ukishaelewa hayo, jibu la swali lako ni jepesi: jua linakiua kirusi kilicho nje na kukiamsha kilicho ndani. Miale ni ile ile. Tofauti ni kwamba ndani ya mwili, anayeumia kwanza ni wewe.

Wakubwa wa tiba walitatizika na jambo hili kabla yetu. Niels Finsen, daktari aliyezaliwa visiwa vya Faroe akafanya kazi Denmark, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Miaka 10 kabla ya hapo, mtu huyo huyo alikuwa akishauri wagonjwa wa ndui, ambayo ni ya virusi, walazwe kwenye vyumba vya mwanga mwekundu ili miale ya urujuanimno isiwafikie, kwa kuwa aliamini inazidisha makovu. Vyumba vyekundu havikuja kuthibitika kuwa na faida. Mimi namheshimu kwa sababu nyingine: alijua kwamba mwanga unaotibu ugonjwa mmoja unaweza kuwa adui kwenye mwingine.

Kwa nini bamvua? Hapa nimecheka kidogo, maana barua yako imejijibu yenyewe. Wewe unaijua bahari kuliko mimi. Kwenye pwani yako, maji ya bamvua hupwa asubuhi mwendo wa saa 4 na saa 5, bamvua zote, mwaka mzima, kwa sababu mwezi na jua vinapojipanga pamoja saa ya maji kupwa hairukiruki. Maji yakipwa sana ndipo mashamba ya mwani yanapofikika vizuri, basi mnaingia jua linapanda na mnatoka limekaa utosini. Kazi yenu imepangwa na mwezi, na mwezi umewapangia saa mbaya kabisa. Kipimo chake ni rahisi: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, miale ni mikali. Kwetu hiyo ni kuanzia kama saa 3 na nusu asubuhi mpaka saa 9 na nusu alasiri.

Ongeza na mchanga mweupe, ambao Shirika la Afya Duniani linasema hurudisha juu kama asilimia 15 ya miale, na povu la bahari asilimia 25. Wewe umeinama unafunga mwani, kofia inakinga jua la juu, lakini lile linalotoka chini linakupata usoni moja kwa moja. Mdomo wa chini ndio unaolipokea, na ngozi yake ni nyembamba, haina tezi za mafuta za kutosha. Halafu chumvi na upepo vinaupasua, na mpasuko nao peke yake unatosha kuyaamsha malengelenge. Weusi wa ngozi yetu ni kinga ya kweli dhidi ya mambo mengi, lakini mdomo umepata sehemu ndogo ya urithi huo.

Tufanye nini basi? Kuacha mwani sikwambii, sitakulisha mimi.

Kinga ya kwanza ni mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua, namba ya SPF iwe 30 au zaidi, au krimu nyeupe yenye oksidi ya zinki. Mwaka 1991, tena kwenye Lancet, watafiti walichukua watu 38 wenye historia kama yako, wakawamulika midomo kwa miale ya urujuanimno. Walipopakwa krimu isiyo na kinga, 27 kati ya 38 walitoka malengelenge. Watu hao hao walipopakwa krimu yenye kinga, kati ya 35 hakutoka hata mmoja. Matokeo ya namna hiyo ni adimu katika kazi yetu. Lakini nisikuuzie ndoto: hiyo ilikuwa maabara. Walipojaribu kwa watu wanaoteleza kwenye theluji milimani, faida haikuonekana wazi. Kwa maoni yangu sababu ni kwamba huko nje kuna upepo, kuna uchovu, na mtu anaramba mdomo na kuufuta kwa mkono mpaka mafuta yameisha nusu saa ya kwanza. Kwa hiyo paka kabla hujatoka nyumbani, paka tena kila saa mbili, na paka kila ukinywa maji au kujifuta. Kiweke kikopo kwenye kimfuko shingoni, si kwenye kikapu ufukweni.

Mafuta ya nazi na ya mgando yanalainisha tu, jua yanaliacha lipite. Liwa nalipenda kama kila mtu anavyolipenda, lakini lisihesabiwe kuwa kinga. Kanga mdomoni ni nzuri ikiwa kavu na imekunjwa mara mbili. Pamba nyembamba ikilowa inapitisha miale zaidi kuliko ikiwa kavu, na najua huko kila kitu kinalowa. Beba ya pili. Kofia ya ukili iwe na ukingo mpana. Hapo Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, wanatengeneza losheni ya jua iitwayo Kilisun, hasa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Mnapokuwa na mmoja wao kikundini, yeye ndiye wa kwanza kupewa kinga, maana kwake jua halileti malengelenge tu, linaleta saratani.

Dawa ipo, inaitwa asaiklovia. Krimu yake hupakwa mara 5 kwa siku kwa siku 4 au 5, na ukweli ni kwamba hufupisha kidonda kwa nusu siku hivi, pengine siku moja. Vidonge vina nguvu zaidi. Vyote viwili vinategemea saa: vikianza pale mdomo unapochonyota tu, kabla kilengelenge hakijatoka, vinafanya kazi; vikianza gaga limeshashika, umetupa pesa. Wewe una bahati ya kujua dalili yako ya kwanza. Na kwa kuwa umeugua mara 5 kwa mwaka, na unajua kabisa ni siku gani utaugua, daktari anaweza kukuandikia vidonge vya kuanza kabla ya bamvua. Hilo ni la kuongea naye uso kwa uso, hasa kama una mimba, unanyonyesha au una tatizo la figo. Hakuna dawa inayokitoa kirusi kule kwenye fundo. Anayekuuzia ya "kumaliza kabisa" anakuibia. Dawa ya meno, spiriti na majivu vinachoma ngozi na kukuachia doa.

Nimeibakiza taa. Miale ya urujuanimno haionekani kwa jicho, kwa hiyo rangi ya buluu unayoiona si ushahidi wa chochote. Kama kitaa cha mwanao ni cha bei ya sokoni, kuna mambo mawili. Huenda ni balbu ya rangi tu, au ni ya fungu A kama ile taa ya wakala wa pesa ya kukagulia noti bandia, na hiyo haiui kirusi cha mtu. Au ni taa ya kweli ya fungu C, na hapo ndipo ninapoogopa. Taa za kweli zipo: zinasafisha maji, na kwenye baadhi ya wodi za kifua kikuu zinafungwa juu karibu na dari, zimekingwa ili zimulike hewa na zisimulike watu. Shirika la Afya Duniani limekataza hata kusafishia mikono. Mjini Miami, mwaka 2020, madaktari wa macho walieleza wagonjwa 7 waliounguzwa macho na taa za kuua virusi zilizonunuliwa wakati wa korona; jicho linakuwa kama limetiwa mchanga, machozi hayakatiki, mwanga hautazamiki. Na mdomoni kwako itafanya nini? Kirusi hakipo pale cha kuuliwa, kipo ndani ya fuvu. Utakachopata ni kuungua, na umeshajua kuungua kunaita nini. Mwambie mwanao asante kwa moyo wake, akirudishe dukani.

Yapo yatakayokutoa nyumbani siku hiyo hiyo. Kilengelenge kikitokea karibu na jicho, au jicho likawa jekundu, likauma, likaona ukungu, usisubiri kesho: kirusi hiki kinaweza kutia kovu kwenye kioo cha jicho. Mtoto mchanga wa wiki za mwanzo asibusiwe kabisa na mwenye vidonda, kwake ugonjwa huu unaweza kuua. Akipata homa, akakataa kunyonya au kutoka vilengelenge, mkimbize hospitali.

Nenda pia kama kidonda kimepita wiki mbili hakijapona, au kimeenea. Kikifika mwezi mzima, pima VVU, maana kidonda cha hepesi kisichopona mwezi ni dalili ya kinga iliyochoka, na kuna dawa. Na kama kuna kidonda kwenye mdomo wa chini kisichowasha, kisichohama, kigumu ukikishika, kinachotoa gaga na kurudi, hicho usikiite malengelenge. Kionyeshe kwa daktari wa ngozi au wa kinywa akate kipande kidogo apime.

Bamvua lijalo andika kwenye daftari la mwani, pembeni ya hesabu za kilo: siku ulizoingia, ulipaka mara ngapi, mdomo ulichonyota siku ya ngapi. Ukienda kwa daktari nenda nalo.